Al-azl si ukuta: Mume asimtuhumu mkewe kwa mimba

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone la maji dhalili kisha akamtukuza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mada yetu ya leo ni miongoni mwa zile ambazo wengi huziona kuwa ni za kunong'onezwa tu, wala si za kuandikwa. Lakini Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kuifahamu dini yao. Nasi tukinyamaza kwa kuona haya, nyumba za Waislamu zitaendelea kubomoka kwa jambo ambalo Mtume (S.A.W.) alilitolea jibu zaidi ya karne kumi na nne zilizopita.

Ijumaa moja hapa Babati mjini, baada ya swala, alinifuata kijana mmoja mfanyabiashara wa mahindi na mbaazi. Alisubiri hadi watu wote walipotoka msikitini, kisha akaketi mbele yangu akiwa ameinamisha kichwa.

"Shehe," akaniambia, "mke wangu ana mimba, nami najua si yangu."

Nilimuuliza amejuaje. Akanieleza kwamba mtoto wao ana miezi minane na bado ananyonya. Tangu mkewe alipotoka katika nifasi, yeye hajapata hata mara moja kushusha manii ndani. Alikuwa akijitenga kila mara, na hakuwahi kukosea. Aidha, mkewe hajaona hedhi tangu ajifungue. Basi mimba imetoka wapi? Na kwa kuwa biashara yake humlazimu kusafiri na kulala nje siku mbili tatu, alikwisha kujijibu mwenyewe. Mke alikuwa amesharudishwa kwa wazazi wake Kondoa, na neno la talaka lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi.

"Mwanangu," nikamwambia, "je, umemwona na mtu?"

"Sikumwona, Shehe."

"Je, yuko aliyemwona?"

"Hakuna."

"Basi ushahidi wako ni upi?"

Akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Ni kule kujitenga kwangu."

Ndugu msomaji, makala haya yanakusudia kuonesha kwamba ushahidi wa aina hiyo si ushahidi, si katika sheria ya Kiislamu wala katika elimu ya tiba. Tutaitazama kwanza hukumu ya jambo lenyewe, kisha kasoro zake, kisha tutamrejea kijana wetu.

Hukumu ya al-azl

Al-azl ni mume kujitenga na mkewe wakati wa tendo la ndoa kabla ya kushusha manii, ili asishike mimba. Watu wa mitaani huita kumwaga nje. Ni njia kongwe kuliko njia nyingi za kuzuia mimba zilizopo leo, na Waarabu waliijua kabla ya Uislamu.

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, Jabir bin Abdillah (R.A.) ameeleza kuwa masahaba walikuwa wakifanya azl katika zama za kuteremka Qur'ani, nao hawakukatazwa. Kwa upande mwingine, katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Bibi Judama binti Wahb (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya azl aliifananisha na kumzika mtoto kwa siri. Wanafunzi wa madrasa wanazikuta hadithi hizi katika Bulugh al-Maram cha Ibn Hajar, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa zetu nyingi.

Wanazuoni walizijumuisha hadithi hizo. Ibn Hazm alishika upande wa katazo na kuiharamisha. Jamhuri ya wanazuoni wamesema hadithi ya Bibi Judama haiharamishi, bali inaonesha kuwa jambo hilo halipendezi. Imam Ghazali ameiruhusu katika Ihyaa, na miongoni mwa sababu alizozikubali ni kuhofia maisha ya mke katika uzazi na kukwepa dhiki ya wingi wa watoto. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, ameihesabu kuwa ni makuruhu.

Kwa ufupi, anayeifanya katika ndoa hatendi dhambi. Lakini ruhusa si dhamana. Mtu anaruhusiwa kuvuka mto kwa miguu, ila asije akamlaumu mkewe akilowa.

Kasoro ya kwanza: haizuii kwa uhakika

Katika Sahihi Muslim, Jabir (R.A.) amesimulia kuwa mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba ana kijakazi anayemwingilia, na hapendi ashike mimba. Mtume (S.A.W.) akamwambia afanye azl akipenda, lakini alilokadiriwa mwanamke yule litamfika tu. Haukupita muda mrefu, mtu yule akarudi na habari kwamba kijakazi amekwisha kuwa mjamzito. Mtume (S.A.W.) akamkumbusha kuwa alikuwa amemwambia.

Zingatia, ndugu yangu, kwamba mtu yule alirudi na habari, hakurudi na tuhuma. Wala Mtume (S.A.W.) hakumuuliza kama mwanamke yule alikuwa na mtu mwingine.

Elimu ya tiba ya leo inaeleza namna jambo hilo linavyotokea. Kabla ya kushusha manii, mwanamume hutokwa na maji membamba ambayo katika fiqhi tunayaita madhii. Hutoka bila yeye kukusudia na mara nyingi bila kuhisi. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa kitaalamu uliochunguza maji hayo kwa wanaume 27, na 11 kati yao yalikutwa na mbegu za uzazi. Kwa wengi wa hao 11, mbegu hizo zilikuwa hai na zenye kutembea. Na mbegu ikiisha kufika katika kizazi cha mwanamke inaweza kuishi hadi siku 5, ikilingojea yai.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kati ya wanawake 100 ambao waume zao wanategemea njia hii kama inavyotumiwa na watu kwa kawaida, takriban 20 hushika mimba ndani ya mwaka mmoja. Hata kwa wale wasiokosea hata mara moja, 4 kati ya 100 hushika mimba. Basi chukua mtaa mmoja wa Babati wenye nyumba tano zinazotegemea azl: kwa wastani mwaka hautakwisha ila katika nyumba moja patakuwa na mimba. Je, tuseme kila mwaka katika kila mtaa kuna mzinifu?

Ama hoja ya kijana wetu kwamba mkewe hajaona hedhi, hiyo nayo haisimami. Yai hukomaa kabla ya hedhi, si baada yake. Mama aliyejifungua anaweza kushika mimba kabla ya kuiona hedhi yake ya kwanza. Kunyonyesha huzuia mimba kwa kiwango kikubwa pale tu yanapokutana masharti matatu: mtoto awe chini ya miezi 6, anyonye maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na hedhi iwe haijarudi. Mtoto wa miezi minane ambaye ameshaanza uji ameshatoka katika masharti hayo.

Kasoro ya pili: haki ya mke

Mwenyezi Mungu (S.W.) ameamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 19, kuishi na wake kwa wema. Tendo la ndoa ni haki ya wote wawili, na mtoto pia ni haki ya wote wawili. Mume anayejitenga ghafla humkatisha mwenzake kabla ya kupata haja yake, na likiwa ni jambo la kila siku, mke hubaki na unyonge asioweza kuusema kwa mtu.

Kwa sababu hiyo madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hambali yameshurutisha ridhaa ya mke. Ipo pia hadithi kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.), aliyoipokea Ibn Majah, inayokataza azl kwa mke muungwana bila idhini yake. Sanadi yake ni dhaifu, lakini maana yake imetiliwa nguvu na wanazuoni wengi. Katika madhehebu yetu wengi hawakuihesabu ridhaa hiyo kuwa sharti. Hata hivyo, mume mwenye murua hangojei kulazimishwa na sheria ndipo amshauri mkewe.

Kasoro ya tatu: jambo la wawili hubebwa na mmoja

Katika njia hii mke hana analolishika. Yeye ndiye atakayebeba mimba, atakayejifungua na kunyonyesha, lakini kinga yote iko mikononi mwa mwenzake, tena katika dakika ambayo akili ya mwanamume huwa dhaifu kuliko dakika nyingine zote. Siku ya uchovu, siku ya kurudi safari, siku ya kughafilika, huwa ni siku moja tu. Na siku hiyo moja hutosha. Inapotokea, ni mume peke yake anayeweza kujua kuwa ameteleza, na si kila mume ana ujasiri wa kukiri.

Kasoro ya nne: haikingi maradhi wala haiondoi janaba

Azl haizuii maambukizi ya virusi vya UKIMWI, kaswende, kisonono wala maradhi mengine ya zinaa, kwa kuwa maambukizi hupita katika kukutana kwenyewe na katika majimaji ya mwili. Kwa vijana ambao hawajaoa tunasema wazi: azl haihalalishi zinaa, na wala haitawakinga na madhara yake. Vilevile wapo wanandoa wanaodhani kuwa manii yakimwagwa nje basi mke halazimiki kuoga josho. Hilo ni kosa. Tupu mbili zikikutana, josho limewajibika kwa wote wawili, yatoke manii au yasitoke.

Je, mtoto hubemendwa?

Nilimuuliza yule kijana kwa nini alichagua njia hiyo. Akasema mama yake alimwonya kwamba mbegu za mwanamume huharibu maziwa na mtoto hubemendwa, akadhoofu na kuchelewa kutembea. Imani hii imeenea sana nchini kwetu, bara na pwani.

Ndugu Waislamu, hata swali hili Mtume (S.A.W.) alikwisha kulijibu. Usama bin Zayd (R.A.) amepokea, katika Sahihi Muslim, kwamba mtu mmoja alimweleza Mtume (S.A.W.) kuwa anafanya azl kwa kumhofia mtoto. Mtume (S.A.W.) akambainishia kuwa lau jambo hilo lingekuwa na madhara, lingewadhuru Wafursi na Warumi. Na katika hadithi ileile ya Bibi Judama imetajwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikusudia kukataza kumwingilia mke anyonyeshaye, kisha akaacha alipoona kwamba mataifa hayo hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki.

Hata hivyo, wazee wetu hawakuzungumza upuuzi mtupu. Kinachomdhuru mtoto si mbegu ya baba yake. Ni kuachishwa ziwa kabla ya wakati kwa sababu ya mimba nyingine, na mama kuchoka kabla mwili haujarejea. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua hadi kushika mimba nyingine. Nayo Qur'ani, katika Suratul-Baqara aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuukamilisha muda huo. Tazama namna hesabu hizo mbili zilivyokutana.

Kasoro ya tano, nayo ni kubwa kuliko zote: tuhuma

Mume anayedhani azl ni ukuta, mimba ikiingia husema ukuta haukubomoka, bali mtu amepita mlangoni. Hapo ndipo Shetani hupata kiti cha kukalia ndani ya nyumba.

Sheria imeuziba mlango huu kwa uwazi. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa Afrika Mashariki wamekitegemea vizazi kwa vizazi, katika mlango wa liani, amesema kwa kauli iliyo sahihi kwamba aliyemwingilia mkewe akafanya azl ni haramu kwake kumkana mtoto. Jambo si makuruhu wala la hiari, ni haramu.

Na anayemsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi, bila mashahidi wanne, amewekewa adhabu ya viboko themanini katika Suratun-Nuur aya ya 4, na ushahidi wake hukataliwa. Liani, inayotajwa kuanzia aya ya 6, ni ya mume mwenye yakini au dhana yenye nguvu, si mwenye wasiwasi. Mume huyo huapa mara nne kwa jina la Mwenyezi Mungu, na mara ya tano hujiombea laana iwapo ni mwongo. Ni nani mwenye akili ajiombee laana kwa sababu tu anaamini hakukosea katika giza la usiku?

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba bedui mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume (S.A.W.) akamuuliza juu ya rangi za ngamia wake, na kama wamo wa rangi ya kijivu. Bedui akakiri kuwa wamo, na kwamba huenda ni asili ya zamani iliyowavuta. Mtume (S.A.W.) akamfahamisha kuwa huenda na mwanawe naye amevutwa na asili. Bedui hakupewa ruhusa ya kumkana mtoto.

Siku hizi waume wengine husema: tungoje azaliwe, twende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali tukapime vinasaba. Nchini kwetu vipimo hivyo vinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009. Ama kisheria ya dini, Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makka lilikutana Januari 2002 likaamua kwamba haifai kutegemea vinasaba peke yake kuikana nasaba, wala kuvitanguliza mbele ya liani. Mtoto ni wa ndoa aliyozaliwa ndani yake. Na hata kama kipimo kitamsafisha mke, je, kitafuta miezi yote aliyolala akilia kwa wazazi wake?

Nini kifanyike?

Kwanza, wanandoa washauriane. Aya ya 233 ya Suratul-Baqara imetaja kuridhiana na kushauriana hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Basi kupanga mimba ni aula zaidi kushauriana.

Pili, wasidhani kwamba dini imewafungia katika azl peke yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait Desemba 1988 liliruhusu kuzuia mimba kwa muda ili kutenganisha uzazi, iwapo wanandoa wameridhiana na hakuna madhara. Lililokatazwa ni kufunga kizazi moja kwa moja bila dharura, na kuwalazimisha watu kwa sheria.

Tatu, waende pamoja kwenye kliniki ya mama na mtoto. Huko wataelezwa juu ya kijiti na kitanzi, ambavyo wanawake wanaoshika mimba navyo hawafiki 1 kati ya 100 kwa mwaka. Sindano ya miezi mitatu. Vidonge vinavyofaa kwa mama anyonyeshaye. Na kondomu, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na azl kwa maana, na inakinga maradhi pia. Kila njia ina maudhi yake, na mhudumu wa afya ndiye wa kuulizwa.

Nne, wanaoendelea na azl kwa hiari yao waifanye wakijua kuwa mimba inaweza kuingia, na wakubaliane mapema kwamba ikiingia ni riziki yao wote wawili.

Mwisho wa kisa

Yule kijana alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Shehe, kwa hiyo mimi ndiye niliyekosa?"

Nikamwambia: "Hukukosa kwa kujitenga, mwanangu. Umekosa kwa kumhukumu."

Alikwenda Kondoa Jumapili yake pamoja na mjomba wake. Baadaye walinijia wote wawili. Nilifahamu hapo kwamba binti yule hakuwa amekanyaga kliniki hata siku moja tangu atuhumiwe, na kwamba palitokea mtu wa kumshauri aitoe mimba ile kwa siri ili aibu iishe. Akakataa, kwa kauli yake mwenyewe, kwa sababu alijua ni ya nani.

Subhanallah! Tuhuma moja isiyo na shahidi ilikaribia kumpoteza mke, ndoa na roho isiyo na hatia. Nilimwomba radhi kwa niaba ya wanaume wenye tabia hiyo. Akajibu: "Nimemsamehe, Shehe. Lakini yaandike haya, maana si mimi peke yangu."

Nami nimeyaandika. Katika Suratul-Hujurat aya ya 12 Mola wetu ametutaka tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Ewe mume, mkeo akikuambia ana mimba, neno lako la kwanza liwe Alhamdulillah. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na avijaalie vizazi vyetu kuwa vyema. Amin.

Wabillahi tawfiq.